MITO YA MAKOCHI: YADI 6 ZITOE MITO 12
(Maneno ya kamati ya ushonaji kwenye mkutano wa wanachama, Ipagala)



Tumeombwa tuwaeleze kazi ya mito ya makochi, maana wengi mmeuliza kama ni kazi ya kuleta fedha au ya kupitisha jioni tu. Sisi tunasema ni ya fedha, ila kwa masharti.

Mnaona wenyewe mji ulivyotufikia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa mwaka 1973, watu wakangoja weee! Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kweli kweli mwaka 2016, nyumba zinaota hapa kama uyoga. Kila sebule ina kochi, na kochi linataka mito. Lakini mito inanunuliwa dukani, imetoka mbali, na cherehani zetu zimefunikwa kanga. Jambo hilo halitupendezi hata kidogo.

Haya, kitambaa. Tumieni kitenge, siyo kanga. Kanga ni nyepesi, tena ina pindo, mji na jina. Ukikata ovyo jina linabaki nusu, na mgeni analisoma huku anacheka. Kitenge kina upana wa karibu inchi 45. Kilowekeni usiku kucha, kikauke, kipigwe pasi ndipo kikatwe. Kisipolowekwa kitarudi baada ya kufuliwa, na mto utakataa kuingia.

Mto wetu ni wa inchi 16 kwa 16. Kata uso inchi 17 kwa 17, na vipande viwili vya mgongo, kila kimoja inchi 17 kwa 12. Pangeni vyote vitatu kwenye upana: 17, na 12, na 12, jumla 41. Kwa hiyo urefu wa inchi 17 tu unatoa mto mzima, yadi moja inatoa miwili, na yadi 6 zinatoa 12. Anayekata bila kupanga anapata 8 au 9, halafu anasema biashara haina faida.

Kila kipande cha mgongo kipinde upande mmoja mrefu, nusu inchi mara mbili, ushone. Laza uso, maua yakitazama juu. Juu yake laza migongo miwili, maua chini, pindo zipandane katikati inchi 5. Piga bandi, kisha shona pande zote nne kwa nusu inchi. Pale zinapopandana pita mara mbili, maana ndipo panapochanika. Kata ncha za pembe bila kugusa mshono, geuza, piga pasi. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, uzi mara mbili, kila hatua akirudi nyuma kidogo. Unashika vizuri tu.

Zipu hatuitaki. Vumbi la kiangazi chetu mnalijua, linaingia kwenye meno, zipu inagoma. Hiyo foronya ya kupandana inavuliwa na kufuliwa bila taabu.

Mfuko wa ndani uwe wa marekani, ukatwe inchi 18, ukishonwa utakuwa 17. Uizidi foronya kwa inchi moja ili mto ujae. (Marekani hiyo si ngeni hapa. Karne ya 19 misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilipopita Ugogo ililipa hongo kwa vitambaa, na marekani ilikuwa mojawapo.) Ndani tia sufi iliyochambuliwa mbegu na kukauka. Pamba ni nzuri, lakini baada ya muda hufanya mabonge. Vipande vya godoro la sponji vinafaa vikikatwa vidogo, vya ukubwa mmoja. Matambara msitie. Mnunuzi kwanza huubonyeza mto kwa mkono, akikuta kinundu anaurudisha na jina la ushirika linaharibika.

Sasa masharti. Yuko mfanyabiashara mmoja alichukua mito 20 ya wanachama kwa mali kauli. Kila akifuatwa anasema njooni wiki ijayo. Wenye mito hiyo walinunua kitenge kwa fedha ya unga! Basi tunaleta hoja mbele ya mkutano: mtu akitaka mito atoe nusu ya bei kwanza, iandikwe kwenye daftari mbele ya mhazini, na nusu ya pili siku ya kuchukua. Asiyetaka, tutatembeza wenyewe. Wapo wenzetu wanaoona tutawafukuza wateja. Waseme leo, tupige kura.

Wanaotaka kuanza waandikishe majina kwa katibu kabla ya Jumamosi. Kila mtu aje na mkasi, futi na yadi moja ya kitenge kilichokwisha kulowekwa. Cherehani zipo mbili. Ya tatu inangoja mkanda.