Aksolotli: Tele Kwenye Matangi, Adimu Kwenye Mifereji

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa baiolojia, maofisa uvuvi na wanasemina wenzangu,

Waandaaji wameniomba nieleze baiolojia ya aksolotli, salamanda wa majini wa Mexico. Maoni nitakayotoa ni yangu binafsi, si msimamo wa taasisi ninayoitumikia.

Fasili nitazipita haraka. Amfibia ni wanyama wa damu baridi wenye ngozi laini isiyo na magamba, na wengi wao huanza maisha majini. Salamanda ni amfibia wenye mkia hata ukubwani. Afrika kusini ya Sahara hatuna salamanda wa asili hata mmoja, ndiyo maana wanafunzi wetu huwajua kwa picha tu.

Aksolotli, kwa jina la kisayansi *Ambystoma mexicanum*, hufikia sentimita 23 hadi 30. Ajabu yake ni kwamba hapevuki kimwili. Hubaki na matamvua ya nje, yale manyoya mekundu pande mbili za kichwa, na pezi la mkiani, kama kiluwiluwi. Lakini akikaribia umri wa mwaka mmoja anaweza kuzaa, na jike hutaga mamia ya mayai kwenye mimea ya majini. Sababu ya kutopevuka huko ni upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi. Akipewa homoni hiyo, matamvua hunywea, naye hutoka majini akawa salamanda wa nchi kavu. Akikatika mguu, huota mwingine kamili bila kovu. Huweza hata kurekebisha uti wa mgongo na sehemu za moyo na ubongo. Ramani ya jenomu yake, iliyotangazwa mwaka 2018, ina herufi takriban bilioni 32, mara kumi ya zetu. Hayo yamo vitabuni, na walimu mtayakuta huko.

Lililonileta hasa ni hoja moja ninayoisikia kila kikao: kwamba mnyama akishazalishwa kwa wingi kwenye matangi, basi ameokolewa. Aksolotli ndiye ushahidi mkubwa dhidi ya hoja hiyo. Maabara na wafugaji wa mapambo duniani wanao bila hesabu. Kwao asilia, kwenye mifereji ya Xochimilco kusini mwa jiji la Mexico, watafiti walikadiria 6,000 kwa kilomita ya mraba mwaka 1998. Mwaka 2014 makadirio yalikuwa 36. Mwaka 2021 sura yake ikachapwa kwenye noti ya peso 50, kwa hiyo leo ni rahisi zaidi kumkuta mfukoni kuliko mferejini.

Na hao wa matangini si nakala ya wale wa mferejini. Ukoo wa maabara unatokana kwa sehemu kubwa na wanyama 34 waliopelekwa Paris mwaka 1864. Wamezaliana ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi, na mwaka 1962 wakachanganywa na salamanda wa jamii nyingine ili kupata rangi ya zeruzeru. Yule mweupe mnayemwona kwenye kalenda ni wa matangini. Wa asili kwa kawaida ni wa rangi nyeusi ya tope. Kumwaga hao Xochimilco ni kuongeza tatizo.

Nini kiliwamaliza wale wa mferejini? Chemchemi zilivutwa kwa mabomba kwenda jijini tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mifereji sasa hujazwa majitaka yaliyosafishwa. Kisha serikali, kwa nia njema ya kuwapatia watu kitoweo, ikapandikiza samaki aina ya kapu na sato. Ndiyo, sato huyuhuyu wetu. Samaki hao hula mayai na watoto wa aksolotli na kumnyang'anya chakula. Maofisa uvuvi, hapa sina haja ya kufundisha mtu: ngege na furu wengi wa Ziwa Victoria waliondokaje baada ya sato na sangara kuletwa? Tunayajua haya, tunayaandika kwenye ripoti, na bado maombi ya kupandikiza samaki wageni yanapitishwa kwa sahihi mbili.

Kinachoelekea kufaa ni kazi ya watafiti wa chuo kikuu cha taifa cha Mexico, UNAM, na wakulima wa chinampa, yale mashamba ya kale yaliyoinuliwa katikati ya maji. Wanaziba mifereji midogo kwa vichujio vinavyopitisha maji na kuzuia samaki, na wakulima huacha viuatilifu. Aksolotli waliozalishwa kifungoni wakaachiwa kwenye maji yaliyotengenezwa namna hiyo wameishi na kuongezeka uzito. Kwetu, chura wa Kihansi, aliyezalishwa kifungoni Marekani, alirudishwa kwenye bonde lake mwaka 2012 baada ya kuwekewa vinyunyizio vya maji, si kwa sababu tu alizaana vizuri huko ugenini.

Napendekeza, basi, samaki mgeni asipandikizwe popote bila uchunguzi wa maandishi kuhusu amfibia na samaki wa asili. Mradi wa kuzalisha mnyama kifungoni usipewe fedha kama hauna bajeti ya maji atakakorudishwa. Kumbukumbu za ukoo zitunzwe tangu mnyama wa kwanza. Mnyama wa maabara au wa mapambo asiachiwe porini. Wakulima na wavuvi walipwe kwa kazi ya kulinda mifereji, si kualikwa kwenye warsha pekee. Walimu waache kumfundisha aksolotli kama kioja cha kuota miguu, wamfundishe pamoja na maji yake. Na narudia, kwa kuwa hapa ndipo tunapokwama: samaki mgeni asipandikizwe bila uchunguzi.

Mwenyekiti, naomba pendekezo hilo la mwisho liingie kwenye maazimio ya semina, likiwa na jina la ofisi itakayowajibika kulitekeleza.