Majaribio Si Hukumu



Tangu matokeo ya majaribio yatoke, simu yangu haijanyamaza. Swali ni lile lile: "Nimepata C. Chuo kikuu ndio basi?"

Hebu tupige hesabu. Gredi ya KCSE hutoka kwa masomo saba: hisabati, lugha moja, na matano mengine uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 12, E ni 1. Ukifikisha 46 kati ya 84, hiyo ni C+, na unaweza kuomba shahada.

Una 41? Umebakisha tano. Hisabati ipande kutoka D hadi C-, ni mbili. Biolojia kutoka C hadi B-, mbili. Kiswahili kutoka B- hadi B, moja. Zimetimia.

Sasa chukua karatasi yako, siyo gredi, karatasi yenyewe. Swali gani hukulijua? Lipi ulilijua ukalikosea kwa pupa? Lipi hukulifikia, muda ukaisha? La kwanza mpelekee mwalimu. La pili, jizoeze kurudia kazi yako kabla ya kuikabidhi. La tatu, fanya mazoezi saa ikiwa mezani.

Na usijipime na binamu yako wa shule nyingine. Hamkufanya karatasi moja.

Mimi nilipoiona C yangu, nilifunga vitabu wiki tatu. Nikamaliza na C ile ile. Diploma nilipata, alhamdulillahi, na siidharau. Lakini zile wiki tatu zinaniuma mpaka leo.

Zako usizitupe. Leo usiku, fungua ile karatasi.