Upele wa mtoto na damu isiyosimama upesi



Leo tutasema juu ya upele wa mtoto. Najua wengi watasema: "Upele? Ile tunaijua tangu zamani." Ni kweli. Kila siku ya kupima watoto tunaona mashavu yenye kukauka, viwiko vyenye michubuko, na mtoto asiyelala usiku sababu ngozi inamuwasha. Wanganga wanauita upele huo egzema. Kwa watoto karibu wote si ugonjwa wa kuua. Unamuogesha mtoto kwa maji safi yasiyo moto sana, unampakaa vazelini wakati ngozi ingali na majimaji, unakata kucha zake, na pole pole ngozi inatulia.

Lakini mara chache sana kuko upele unaotembea pamoja na jambo lingine, ndiyo damu. Ni juu ya upele huo ninataka musikilize vizuri.

DAMU INASIMAMA NAMNA GANI?

Ukijikata kisu wakati wa kumenya muhogo, damu inatoka, kiisha inasimama. Ni nini kinaisimamisha? Ndani ya damu muna vipande vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vinaitwa plakete. Mahali mshipa umepasuka, plakete zinakimbilia pale na kushikamana, sawa vile mtu anaziba tundu la ukuta kwa udongo. Katika katone ka damu sawa kichwa cha pini, mtu mwenye afya ana plakete 150,000 mpaka 400,000 hivi. Zikiwa chache sana, tundu halizibiki upesi, na damu inatoka hata bila kidonda cha kuonekana.

UGONJWA HUU NI GANI?

Katika mwaka 1937, munganga wa watoto wa Ujerumani, Alfred Wiskott, aliandika habari ya ndugu watatu wa kiume. Wote walikuwa na egzema, walihara damu, na masikio yao yalitoka usaha mara kwa mara. Dada zao walikuwa wazima. Katika mwaka 1954, munganga wa Marekani, Robert Aldrich, alionyesha katika jamaa moja kwamba ugonjwa huo unapita kwa mama na kushika watoto wa kiume. Kwa hiyo unaitwa ugonjwa wa Wiskott na Aldrich. Ni wa nadra: haufikii hata mtoto wa kiume mmoja kati ya 100,000. Lakini akizaliwa kwako, huyo mmoja ni wako.

Mtoto huyu ana matatizo matatu pamoja: ngozi ya kuwasha, plakete chache na ndogo, na mwili usio na nguvu ya kupigana na vijidudu.

SI KOSA LA MAMA

Wamama, musikilize neno hili, na mulipeleke nyumbani kwa baba ya mtoto na kwa bamkwe. Mama anaweza kuwa na mbegu ya ugonjwa huu katika damu yake naye ni mzima kabisa, hajui kitu. Hakuichagua, sawa vile hakuchagua urefu wake ao sura yake. Kila mtoto wa kiume anayezaa anaweza kuipata ao kuikosa, nusu kwa nusu. Na mara zingine mbegu inaanza kwa mtoto mwenyewe, mama hana. Si uchawi, si laana, si chakula alichokula wakati wa mimba. Kumfukuza mama hakuongezi hata plakete moja kwa mtoto.

Lakini sema yote kwa munganga. Kama ulizika mtoto mwingine wa kiume aliyetoka damu, ao mjomba wako alikufa mdogo namna hiyo, usifiche. Habari hiyo inatusaidia sana kutambua ugonjwa.

ANGALIA ALAMA HIZI

Mtoto wa kiume mwenye upele wa kuwasha, ukiona moja katika alama hizi, umulete:

– Vidoa vidogo sawa ncha ya sindano, vyekundu ao vyeusi, ambavyo havipotei ukivibana na kidole. Juu ya ngozi nyeusi ni vigumu kuviona. Angalia ndani ya kinywa, katika viganja na chini ya nyayo.
– Damu katika choo, katika pua ao katika ufizi.
– Alama za kuvilia damu, na hakuanguka wala hakupigwa.
– Kitovu ao kidonda cha tohara kilichotoka damu siku nyingi.
– Masikio yenye usaha ao ugonjwa wa mapafu unaorudi na kurudi.

Akianguka na kugonga kichwa, ao akitapika na kulegea, ao akishikwa na kifafa, usingoje asubuhi. Damu inaweza kuwa inatoka ndani ya kichwa.

USIFANYE HAYA

Usimpe aspirini, inazuia plakete kufanya kazi. Na ibuprofene vilevile. Akiwa na homa, parasetamoli inafaa, lakini umulete siku ile ile. Usiombe sindano ya kitako. Mwambie muuguzi kwanza kwamba mtoto anatoka damu. Usimchanje chale, usimkate kilimi, usimtie dawa nyuma kwa mpira. Tohara ingoje mpaka damu yake ipimwe.

Na chanjo? Watoto wako wengine wapate zote kama kawaida. Kwa huyu, munganga ndiye atachagua, maana chanjo zingine zina vijidudu hai vilivyolegezwa, na mwili wake unaweza kushindwa navyo.

TUTAFANYA NINI HOSPITALI?

Katika laboratwari tutahesabu plakete. Tutatafuta malaria pia, maana malaria nayo inazipunguza, na hiyo inatibika upesi. Kama malaria imepona na plakete zinabaki chache, munganga atampeleka mbele kwa vipimo vingine. Kuko dawa za kuzuia vijidudu, na damu ya kumuongezea akitoka nyingi. Dawa ya kuponya kabisa, tangu mwaka 1968, ni kumpa uboho wa mifupa wa mtu mwingine unaopatana naye, mara nyingi ndugu yake. Kazi hiyo inafanyika katika hospitali kubwa zenye vyombo vyake, mara nyingi inchi za mbali. Lakini hata pasipo hiyo, mtoto aliyetambuliwa mapema anachungwa vizuri kuliko yule anayepakwa mafuta tu, mwaka mzima, na hakuna aliyepima damu yake.

Basi, kumbukeni: upele peke yake, tunza ngozi. Upele pamoja na damu, lete mtoto na fishi yake, leo.

Mwenye swali aulize.