Tusome Karatasi Kabla ya Kumwaga Zege

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wa Handeni na Korogwe, michango yenu itaingia kwenye mkataba wa ujenzi, nasi tunaomba muusome pamoja nasi. Wengi wetu hukimbilia jumla ya bei. Mambo yenyewe yako kwenye BOQ na maelezo ya vifaa. Ikiandikwa "bati" tu, fundi akileta geji 32 hajavunja mkataba. Na geji, namba ikipanda, bati huwa jembamba. Iandikwe geji 28. Zege nalo litajiwe uwiano, 1:2:4: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne.

La maji ndilo linalotukosesha usingizi. Zege bichi hutaka kumwagiliwa walau siku 7. Korogwe Mto Pangani uko jirani. Upande wa Handeni, kiangazi maji tunanunua kwa madumu. Mkataba usiposema nani analipia maji hayo, fundi atamwagilia siku mbili aache, na zege lipasuke. Tumemwomba mkadiriaji aongeze mstari huo kabla hatujasaini. Nakala iko kwa katibu. Atakayeona pengo jingine atuambie.