Darasa Zima Lifundishwe

Msikilizaji, ipo shule ambako mtoto mwenye ualbino husimama mstarini asubuhi akiwa na kofia pana, na mwalimu wa zamu humwamuru aivue kwa sababu si sare. Anaivua. Jua linampiga, wenzake wanacheka.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma shule moja na wenzake. Haki hiyo inamfikisha hadi kwenye dawati. Pale kwenye dawati, aliyekaa naye hajaambiwa lolote.

Hajaambiwa kwamba mwili wa mwenzake hautengenezi melanini, yaani rangi ya asili ya mwili, ya kutosha, na kwamba upungufu huo huathiri macho sawa na ngozi. Macho huchezacheza yenyewe, mwanga wa dirishani huyaumiza, na hata miwani haimalizi tatizo. Basi mtoto akiinuka kusogelea ubao, darasa linapiga kelele: "Kaa chini, unatuziba!" Baada ya siku chache hainuki tena. Ananukuu kwenye daftari la jirani, makosa na yote, halafu ripoti inaandikwa hana bidii. Huu ni uonevu, na unaniuma.

Wengine watasema urithi wa vinasaba hufundishwa sekondari. Huko ni mbali mno. Mtoto wa darasa la tatu tayari amesikia mtaani kwamba ualbino ni laana, au kwamba mama alitoka nje ya ndoa. Mweleze kuwa hali hii hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wana rangi ya kawaida, ataelewa. Tunajua imani potofu zilikotufikisha: Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino waliuawa, na watoto wakapelekwa kuishi katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, mbali na wazazi wao.

Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa. Ni jambo jema, ila mtihani ni wa siku chache, na ubao ni wa kila siku.

Kwa hiyo mwalimu, kesho mweke mtoto huyu mbele, mbali na dirisha lenye jua, na uwaeleze wenzake sababu. Na unapoandika ubaoni, soma kwa sauti kila unachoandika. Yeye atakufuata, na hata wa dawati la nyuma kabisa atafaidika.