Joto Lililomo Ndani ya Zege



Chama cha msingi kinapojenga tangi la maji au msingi wa mashine, mara nyingi kamati huamini kwamba kuongeza saruji ni kuongeza usalama. Katika ukuta mwembamba kosa hilo hula fedha tu. Katika zege nene huweza kuiharibu kazi yenyewe.

Zege haligandi kwa kukauka, kama wengi wanavyodhani. Saruji na maji hushikana vikafanya kitu kipya, na kazi hiyo hutoa joto. Kwa makadirio ya wahandisi, kila kilo 100 za saruji ya kawaida katika meta moja ya ujazo hupandisha joto kwa nyuzi 12 hivi za sentigredi, iwapo halina pa kutokea. Basi mifuko saba ya kilo 50 ni kama nyuzi 42, juu ya joto la zege lilipomwagwa. Katika bamba jembamba joto hilo hupotea hewani. Katika zege lenye unene wa meta moja au zaidi hubaki kiini: nje hupoa na kutaka kusinyaa, ndani kungali kumevimba, na nje hupasuka. Tofauti ikipita nyuzi 20 wahandisi huanza kuhofu.

Waliojenga bwawa la Hoover huko Marekani walimwaga zege lake tangu 1933 hadi 1935. Walilimwaga kwa vitalu, kila tabaka futi tano, wakatumia saruji yenye joto dogo, wakalaza ndani mabomba ya chuma ya kupitishia maji baridi. Kokoto zao kubwa zilifikia inchi tisa. Kokoto kubwa hujaza nafasi, na saruji hutakiwa kidogo.

Chama hakihitaji mabomba hayo. Kimwulize mhandisi kama saruji yenye posolana, yaani majivu ya volkano yaliyosagwa, itafaa. Hutoa joto polepole, ingawa nguvu yake nayo huja polepole, na fundi asiyeambiwa huondoa mbao mapema. Kokoto ziwekwe kivulini, na kazi ianze alfajiri. Mbao zisiondolewe zege lingali moto, wala lisimwagiwe ghafla maji baridi ya kisima. Lifunikwe kwa magunia yenye unyevu (magunia chakavu hayakosekani ghalani). Na katibu aandike idadi ya mifuko iliyoingia katika kila mchanganyiko, si ile iliyotoka ghalani peke yake, maana ufa ukitokea, uchunguzi huanzia hapo.