Tulipokelewa kwa sheria gani?
Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama

Kamati imetupa nusu saa. Tutajaribu tusiimalize yote, maana mvua ya jioni haingojeaka hotuba.

Munajua kilichotuleta hapa. Chama kimeletewa barua. Inaomba mutualité yetu itie sahihi pamoja na wengine, kusema wakimbizi wa Burundi wahamishwe mbali na mashamba yetu, kwa sababu kuni zimekuwa haba na bei ya kibarua imeshuka. Hatuko hapa kusema walioiandika ni watu wabaya. Kuni kweli zinaisha, kila mama aliyekaa hapa anajua siku hizi anatembea mwendo gani. Lakini mbele ya kushika kalamu, tujiulize kwanza: sisi wenyewe, tulipovuka ziwa, tulipokelewa kwa sheria gani? Wengi wanasema ilikuwa huruma ya Watanzania. Huruma ilikuwepo, hatukatai. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichoandikwa, na kiliandikwa na nchi zetu wenyewe zilipokuwa changa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1955, nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Bandung, kule Indonesia. Nyingi zilikuwa zimetoka kwenye ukoloni juzi tu. Wakakubaliana waheshimiane, na mkubwa asiingilie mambo ya mdogo. Desemba 1958 watu wa Afrika wakakutana Accra, kwa Nkrumah. Lumumba wetu alikuwepo. Aliporudi, tarehe 28 ya mwezi uleule, alisimama mbele ya umati Léopoldville akasema wazi habari ya uhuru. Munaona? Maneno yaliyochukuliwa Ghana yalifika Congo katika siku chache, wakati hakuna simu ya mkononi.

Halafu tarehe 25 Mei 1963, nchi 32 zikaanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ule tulioita OUA, pale Addis Ababa. Umoja ukaunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawekwa Dar es Salaam. Frelimo ya Msumbiji ilikuwa imeshazaliwa palepale mwaka 1962. Na mshikamano ule haukuwa wa maneno ya bure. Desemba 1965, Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia, na ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Nchi maskini, yenye miaka minne tu ya uhuru, ilikubali hasara ile kwa ajili ya watu ambao si raia wake.

Lakini tusidanganyane, mshikamano ule ulishindwa pia, na ulishindwa kwetu. Mwaka 1960 Congo ilipowaka, Ghana, Guinea, Morocco, Tunisia, Ethiopia na wengine walituma askari chini ya bendera ya ONU. Nchi hizo zenyewe hazikuwa na neno moja juu ya Congo, na amri ya askari ilitoka kwingine. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga. Marafiki walikuwa wengi, askari wao walikuwa ndani ya nchi, na hawakumwokoa.

Na wazee wa Fizi wana habari nyingine. Aprili 1965, Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akashukia Kibamba, upande wetu huu. Wacuba waliomfuata walizidi mia moja, naye jina lake la vitani lilikuwa la Kiswahili, Tatu. Walikaa milimani miezi saba. Wengi wao hawakujua lugha wala desturi za hapa, na wakubwa wa uasi walikuwa wanagombana wao kwa wao. Baadaye wakubwa wa Afrika wakapatana na serikali ya Kasavubu, Tanzania ikawaomba Wacuba wasimamishe kazi ile, na mwezi Novemba wakavuka ziwa kurudi. Mshikamano wa bunduki uliishia hapo. Nani aliyebaki na matokeo yake? Wenyeji.

Kumbe kulikuwa na mshikamano wa namna nyingine, ambao haukupigiwa ngoma. Tarehe 10 Septemba 1969, wakubwa walewale wa OUA walitia sahihi mkataba juu ya wakimbizi wa Afrika. Ulianza kufanya kazi mwaka 1974. Tanzania iliingia, na nchi yetu, wakati ule Zaire, iliingia pia. Hiyo ndiyo karatasi iliyotulaza usiku salama kambini, hata kama hakuna aliyetusomea. Tunaomba tutaje mambo manne yaliyomo.

La kwanza: kumpokea mkimbizi ni tendo la amani na la utu, na nchi aliyotoka isilihesabu kuwa uadui. Walijua jirani anaweza kuogopa kufungua mlango ili asigombane na mwenzake, wakamwondolea ile sababu.

La pili: mkimbizi naye ana wajibu. Afuate sheria za nchi iliyompokea, asiigeuze nyumba ya mwenyeji kuwa kituo cha vita. Na wakimbizi wakalishwe mbali kiasi na mpaka, kwa usalama. Hapo mwandishi wa barua anaweza kusema, basi, sheria iko upande wangu. Hapana. Mkataba unataja usalama. Kuni na bei ya kibarua havimo.

La tatu linatuhusu sisi kabisa. Mkimbizi harudishwi kwa nguvu. Akirudi kwa hiari yake, nchi yake imsaidie kukaa tena, impe haki zote za raia, na asiadhibiwe kwa namna yoyote kwa sababu alikimbia. Tusikie vizuri hapo. Mara ngapi mwanachama wetu amefika mbele ya wakubwa kudai shamba la baba yake, akajibiwa, "Wewe mulikimbia, rudi kwenu Tanzania"? Mara ngapi watoto wetu wanaitwa Watanzania shuleni kwa sababu ya Kiswahili chao, na kwa sababu Kifaransa kinawashinda? Tukienda kudai, tusiende na machozi peke yake. Tuseme: nchi hii iliweka sahihi.

La nne, na ndilo lililoachwa peke yake njiani. Mkataba unasema nchi ikizidiwa na mzigo wa wakimbizi, inaweza kuziita nchi nyingine za Afrika zije kuupunguza, kwa moyo wa mshikamano. Neno zuri. Lakini halikusema nani atoe nini, lini. Tanzania ilibeba na ikabeba. Mwaka 1983 Nyerere alipewa nishani ya Nansen kwa kazi hiyo. Ilipofika miaka ya tisini, Warundi, Wanyarwanda na sisi tukiingia kwa maelfu kwa maelfu, ilichoka. Mwaka 1995 ilifunga mpaka wake na Burundi. Sisi tuliokaa Nyarugusu na Lugufu tunakumbuka kutoruhusiwa kupita kilomita 4 kutoka kambini, na posho ikipunguzwa. Wengine wanasema Watanzania walibadilika roho. Sisi tunasema mzigo wa wengi uliachwa kichwani kwa mmoja.

Sasa turudi kwenye barua. Tangu 2015, Fizi yetu ina kambi ya Warundi pale Lusenda. Sisi tuliokuwa wageni tumekuwa wenyeji. Tukitia sahihi kwamba mkimbizi ahamishwe kwa sababu anakata kuni, kesho yule anayetukatalia shamba atatuonyesha sahihi yetu. Atasema, ninyi wenyewe mulikubali kwamba aliyekimbia hana haki mahali. Hatuwezi kuushika ule mkataba kwa mkono mmoja na kuutupa kwa mwingine.

Na kunyamaza pia si dawa. Wamama wakitembea nusu siku kutafuta kuni, mshikamano utachoka hapa kama ulivyochoka kule. Kwa hiyo tunaleta pendekezo, mulijadili. Barua ya kwanza isitiwe sahihi. Iandikwe nyingine, iende kwa chefu, kwa teritwari na kwa HCR, yenye mambo matatu: miti ipandwe na wenyeji pamoja na wakimbizi, na kila upande uwe na watu wake kwenye kamati, msaada wa kambi ufike pia kwenye shule na vituo vya afya vya vijiji vinavyoizunguka, na bei ya kibarua ikubaliwe moja kwa wote, asiwepo mwenye shamba wa kumlipa Mrundi nusu ili kumfukuza Mkongomani. Maana aliyeshusha bei ni mwenye pesa, yule mwenye jembe alipokea tu alichopewa.

Ile sehemu ya nne, wakubwa waliiacha bila kusema nani atoe nini. Sisi katika barua yetu tuseme: nani atatoa miche, nani kiwanja, nani siku ngapi za kazi. Katibu yuko na daftari. Anayetaka kupinga apinge leo, mbele ya wote, halafu tupige kura.